Shisti na Naisi: Mawe Mawili ya Ukoo Mmoja



Miaka mingi iliyopita, kabla sijaingia kiwandani, niliwahi kuwa kibarua wa kuchimba misingi ya nyumba za wafanyakazi katika shamba moja la chai. Nyumba zilikuwa zijengwe chini ya kilima, na ili kupata uwanja ulio sawa ilitubidi kukikata kilima kwa nyuma, wima kama ukuta. Kundini mwetu alikuwamo mzee mmoja, mpasua mawe tangu ujana wake. Aliyaangalia mawe yaliyotokea pale tulipokata, akayapapasa kwa mkono, kisha akamwambia msimamizi, "Bwana, jiwe hili limelala kuja kwetu." Msimamizi akajibu kwamba jiwe ni jiwe, akaamuru kazi iendelee. Masika yalipofika, kipande cha kile kilima kiliteleza usiku kikavunja majiko ya nyumba tatu. Ilikuwa bahati tu kwamba saa ile watu walikuwa wamekwisha kula na kulala.

Wakati ule sikuelewa jiwe linawezaje kulala, wala kuja kwetu. Nimekuja kuelewa baadaye, kwa kusoma na kwa kuuliza wanaojua, nami naona si haki maarifa haya yakae kwa mainjinia peke yao. Sisi ndio tunaolala chini ya kilima.

Basi tuanze mwanzo. Mawe yote ya dunia hugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mawe yaliyotokana na uji wa moto uliopoa, kama vile matale, ambayo wengine huyaita graniti. Fungu la pili ni mchanga, tope na chokaa vilivyotulia chini ya maji, vikashindiliwa na uzito wa vilivyofuata juu yake mpaka vikawa jiwe. Fungu la tatu ni mawe yaliyogeuka. Haya yalikuwa jiwe la aina nyingine hapo kwanza, kisha yakazikwa chini sana ardhini, yakapata joto kali na kubanwa, yakabadilika bila kuyeyuka. Shisti na naisi ni za fungu hili la tatu.

Yeyote aliyewahi kufyatua matofali hatapata taabu kuelewa jambo hili. Tofali bichi ukiliacha mvuani hurudi kuwa tope. Ukilichoma katika tanuri halirudi tena, ingawa udongo ni ule ule na hakuna kilichoyeyuka. Tofauti ni kwamba tanuri la ardhi lina joto na lina jeki pia. Milima inapojengwa, mabara husukumana, na mawe yaliyo katikati hubanwa kama karanga katika kinu cha kukamua mafuta. Kazi hiyo huchukua mamilioni ya miaka.

Chukua tope la kawaida la ziwani au baharini. Likishindiliwa tu, huwa jiwe laini la udongo. Likipata joto la kiasi, huwa sleti, lile jiwe la vibao ambavyo wazee wetu walijifunzia kuandika shuleni. Joto likizidi, tuseme likipita digrii 400, vipande vidogo vya madini vilivyomo huanza kukua hata vikaonekana kwa macho, na jiwe huwa shisti. Likizidi tena mpaka digrii 600 na zaidi, kwa kina cha kilometa 20 au hata 30 chini, jiwe lile lile laweza kuwa naisi. Kwa hiyo mara nyingi shisti ni kaka mdogo aliyetolewa tanurini mapema, na naisi ni yule aliyebaki mpaka mwisho. Nasema mara nyingi, kwa sababu si kila naisi ilitokana na tope. Nyingine zilikuwa matale, zikabanwa na kupashwa joto mpaka zikapata milia. Mtu wa kawaida hawezi kuzitofautisha kwa macho.

Siri ya shisti ni madini yaitwayo ulanga. Mafundi wa umeme wanaujua vizuri: ni vile vibamba vinavyong'aa vilivyomo ndani ya pasi za umeme za zamani, ambavyo umeme haupiti wala joto haliviunguzi. Ulanga hukua kwa umbo la karatasi, na karatasi moja hubanduka kutoka juu ya nyingine kwa ukucha. Sasa fikiria gunia la majani makavu yaliyotupwa ovyo, jani hili limesimama, lile limelala. Ukipanda juu ya gunia ukashindilia, majani yote yatalala upande mmoja. Ndivyo ulanga unavyofanya ndani ya jiwe linalobanwa: vipande vyake vyote hulala sambamba, na mahali vilipolala ndipo jiwe linapokuwa tayari kupasuka. Hata jina lenyewe, shisti, linatoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya kupasua.

Katika naisi joto limekuwa kali hata sehemu kubwa ya ulanga imekwisha kugeuka kuwa madini mengine, hasa yale yaitwayo feldispa, ambayo ni magumu na hayana karatasi. Madini meupe yamejikusanya upande wao na meusi upande wao. Ndiyo sababu naisi ina milia myeupe na myeusi, mara nyingine imenyooka kama kitambaa cha kanga ya mistari, mara nyingine imepindapinda kama uji uliokorogwa ukaachwa. Jina naisi ni neno la wachimba madini wa Saxony huko Ujerumani. Wataalamu wa vyuoni walilichukua kwao.

Ukipata jiwe mkononi, utajuaje ni lipi? Liangalie juani. Shisti hung'aa kote kama magamba ya samaki, na ukiishika sana vidole vyako hubaki na vimetameta. Tia ncha ya kisu ubavuni mwake, vibamba vitatoka. Pengine utaona ndani yake punje nyekundu za ganeti, kubwa kama maharage. Naisi haing'ai kwa namna hiyo. Ni punjepunje, ina milia, na kisu hakifui dafu. Ukiipiga nyundo huvunjika vipande vinene vya pembe pembe, hata kukata milia yake. Wataalamu wameweka kanuni moja rahisi: jiwe likipasuka kwa vibamba vyembamba kuliko sentimeta moja huitwa shisti, na likipasuka kwa mapande manene kuliko hapo huitwa naisi. Lakini maumbile hayakusoma kanuni hiyo. Yako mawe ya katikati ambayo hata wenye shahada hubishana juu yake, na mlima mmoja waweza kuwa na shisti na naisi zimepangana kama mkate na siagi.

Katika nchi zetu mawe haya si mageni. Milima ya Usambara, Upare na Uluguru katika Tanzania, na vilima vya Taita katika Kenya, kwa sehemu kubwa ni naisi na ndugu zake, zilizopikwa yapata miaka milioni 500 hadi 700 iliyopita katika mshipa mrefu wa milima ya kale unaoshuka mpaka Msumbiji. Kule Mererani, chini ya Kilimanjaro, tanzanaiti iliyopatikana mwaka 1967 huchimbwa katika naisi na shisti zenye kinywe, ile inayotumika katika penseli. Ukienda Rwanda na Burundi utakuta shisti nyingi zaidi, pamoja na mawe magumu ya mchanga uliopikwa. Kwa hiyo mashamba mengi ya chai na mkonge, na barabara nyingi zinazopanda milimani, zimekatwa ndani ya mawe haya mawili.

Kwa mpasua mawe tofauti yake ni ya kila siku. Naisi ikivunjwa hutoa kokoto nene zenye pembe, zinazoshikana vyema katika zege. Shisti hutoa vipande bapa kama maganda. Zege la vipande bapa hudai simenti na maji mengi zaidi, huacha nafasi katikati, na huvunjika mapema, kwa sababu kila kipande kina njia yake ya kubanduka. Kibarua anayelipwa kwa debe hapendi naisi kwa kuwa inamchosha mkono. Lakini mwenye nyumba anayelipia kokoto za shisti analipia nyufa zake mwenyewe.

Katika jambo moja mawe haya hayana tofauti. Yote mawili yana kwatsi, ambayo ni mchanga mgumu kama kioo, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki tena. Vumbi linaloua ni lile jembamba lisiloonekana, sio lile linalomfanya mtu apige chafya. Ugonjwa wake hauna tiba, nao humfanya mtu awe rahisi kushikwa na kifua kikuu. Kitambaa cha mdomoni hakiuzuii. Kinachosaidia ni kulowesha jiwe na kuchimba kwa mashine yenye kumwaga maji. Haya tumeyasema katika vikao vyetu, na itabidi tuyaseme tena.

Sasa turudi kwa maneno ya yule mzee. Weka daftari kumi mezani, moja juu ya lingine. Inua upande mmoja wa meza polepole. Meza ikifika mahali fulani, madaftari ya juu yatateleza na kuanguka. Rudia tena, lakini safari hii meza iinuke upande mwingine, yaani upande ulio mbali nawe uwe chini. Madaftari yatateleza vile vile, ila yataanguka mbali, si magotini pako. Mwisho, yasimamishe madaftari wima kama vitabu katika rafu, kisha inua meza: hayatelezi moja juu ya lingine, bali hujaribu kupinduka. Madaftari ni yale yale na meza ni ile ile, bali hatari imebadilika kwa sababu ya upande yalikolala.

Kilima cha shisti ni rundo la madaftari. Vibamba vyake vikiinama kuelekea ndani ya mlima, unaweza kukikata nacho kikasimama miaka mingi. Vikiinama kuja nje, upande ule ule ulikokata, umeondoa kizuizi kilichokuwa kikishika madaftari yasianguke. Hapo jiwe limelala kuja kwako. Na maji ya mvua yakipenya katikati ya karatasi za ulanga, karatasi hizo huteleza kama sabuni.

Jambo hili limeua watu wengi. Nitaeleza misiba miwili, mmoja katika shisti na mwingine katika naisi, nayo itatuonyesha tofauti ya mawe haya kuliko maelezo ya darasani.

Wa kwanza ulitokea California, Marekani. Mji wa Los Angeles ulijenga bwawa liitwalo St. Francis kati ya mwaka 1924 na 1926, katika bonde jembamba kaskazini ya mji. Ukuta wake wa zege ulikuwa na kimo cha meta 60 hivi. Mkuu wa kazi alikuwa William Mulholland, mtu aliyeanza kazi mwaka 1878 kama mfanyakazi wa kusafisha mifereji, akajisomea mwenyewe mpaka akawa injinia mkuu wa maji wa mji. Siwezi kumdharau mtu wa namna hiyo. Lakini ubavu wa mashariki wa bonde ulikuwa shisti, yenye vibamba vilivyoinama kuelekea bondeni. Mulholland mwenyewe, walipokuwa wakichimba njia ya maji katika milima ile miaka kadhaa kabla ya hapo, alikuwa ameandika kwamba mawe ya upande ule yanatishia kuteleza. Hata hivyo ukuta ukaegemezwa hapo hapo, tena wakati wa ujenzi kimo kikaongezwa bila kupanua kitako.

Bwawa lilijaa mpaka juu kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1928. Asubuhi ya tarehe 12 mlinzi wa bwawa, Tony Harnischfeger, aliona maji yakivuja, na maji yale yalikuwa ya tope. Alikuwa na haki ya kuogopa. Kila ukuta wa bwawa huvuja kidogo, na maji safi si jambo kubwa, bali maji ya tope maana yake yanakula msingi. Akapiga simu. Mulholland na msaidizi wake wakaja, wakakagua kwa muda wa saa mbili hivi, wakaona kwamba maji yanatoka safi na kuchafuka kwa udongo wa barabara mpya iliyokuwa karibu. Wakasema hakuna hatari, wakarudi mjini.

Usiku ule ule, saa sita kasoro dakika tatu, ukuta ulivunjika. Harnischfeger na mwanawe mdogo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Wimbi la kwanza lilikuwa na kimo cha zaidi ya meta 40. Lilifagia kituo cha umeme pamoja na nyumba za wafanyakazi wake na jamaa zao, na humo waliopona ni wachache kuliko vidole vya mkono mmoja. Mbele zaidi, mahali paitwapo Kemp, palikuwa na kambi ya mahema ya wafanyakazi wa kampuni ya umeme: kati ya watu wapatao 150, walikufa 84. Kisha maji yakaingia katika bonde la mashamba ya machungwa na malimau, walimolala vibarua, wengi wao watu kutoka Mexico. Mafuriko yalifika baharini saa kumi na moja na nusu alfajiri, yakiwa yamesafiri kilometa 87. Hesabu inayotajwa ni watu wasiopungua 431, lakini vibarua wengi hawakuwa wameandikwa mahali popote, na kwa hiyo hawakuhesabiwa.

Tume za wakati ule zililaumu zaidi ubavu wa magharibi, ambao mawe yake yalilainika yakiwa majini. Miaka mingi baadaye uchunguzi mpya, hasa wa injinia J. David Rogers, ulionyesha kwamba ubavu wa shisti wa mashariki ulikuwa mlima uliokwisha kuteleza zamani za kale, ukatulia. Maji ya bwawa yalipenya ndani yake, ukaamka na kuendelea na safari yake, ukauchukua ukuta. Mwaka 1929 California ilipitisha sheria ya kuyaweka mabwawa chini ya wakaguzi wa serikali. Kabla ya hapo, mji uliokuwa na mainjinia wake wenyewe haukulazimika kukaguliwa na mtu wa nje.

Ukiisoma habari hii peke yake utasema: basi, shisti ni mbaya, tujenge juu ya naisi. Nami nilifikiri hivyo hivyo, mpaka niliposoma habari za Malpasset.

Malpasset ni bonde la mto Reyran, kusini mwa Ufaransa, kilometa chache juu ya mji wa Fréjus. Hapo palijengwa ukuta wa bwawa kati ya 1952 na 1954, kazi ya André Coyne, mmoja wa mafundi wakubwa wa mabwawa duniani wakati huo. Ukuta ulikuwa wa namna ya upinde, mwembamba ajabu: kimo meta 66, unene kwa chini karibu meta 7, na kwa juu meta moja na nusu tu. Upinde wa namna hiyo hauzuii maji kwa uzito wake. Huyasukuma maji kwa mabega, na mabega hayo ni kuta za bonde. Jiwe la pale lilikuwa naisi.

Bwawa lilichukua miaka mitano kujaa. Mwezi Novemba 1959 maji madogo yalionekana yakitoka upande wa chini wa ukuta. Kisha mvua kubwa ikanyesha siku nyingi, na maji yakapanda upesi. Mlango wa chini wa kupunguza maji haukufunguliwa mapema, kwa sababu chini ya bwawa palikuwa na kazi ya kujenga daraja la barabara kuu mpya, na ilihofiwa kwamba maji yangeharibu ujenzi. Tarehe 2 Desemba mlango ulifunguliwa saa kumi na mbili jioni. Saa tatu na dakika 13 usiku ukuta ulikatika wote kwa ghafula. Watu 423 walikufa, na wafanyakazi wa ile barabara walikuwamo.

Jiwe lenyewe halikuwa laini. Kilichotokea ni hiki. Katika ubavu wa kushoto wa bonde, nyuzi za naisi zilikuwa zimelala karibu sambamba na upande ambao upinde ulikuwa ukisukuma. Msukumo ule uliingia ndani ya mlima ukifuata nyuzi, bila kutawanyika, ukazibana nyufa ndogo mpaka zikaziba kabisa. Hivyo chini ya ukuta wa zege ukatokea ukuta wa pili, wa jiwe lililobanwa, usiopitisha maji. Maji yaliyopenya kutoka bwawani yakakosa njia ya kutokea, nguvu yake ikaongezeka. Na mbele kidogo, chini ya ubavu ule ule, kulikuwa na ufa mkubwa wa kale ulioinama kinyume, ambao haukugunduliwa mpaka baada ya maafa. Kati ya nyuzi za naisi na ule ufa, jiwe likawa kama kabari ndani ya gogo, na maji yakaisukuma kabari kutoka chini. Ilipoondoka, upinde ukakosa bega.

Coyne alikufa mwaka uliofuata, 1960. Kesi iliendelea miaka mingi, na mwishowe mahakama za Ufaransa hazikumtia mtu yeyote hatiani, kwa kuwa elimu ya wakati ule haikujua hatari ya namna hiyo. Toka hapo mainjinia wa mabwawa hupima nguvu ya maji yaliyomo ndani ya jiwe, na hutoboa mashimo marefu ya kuyatoa.

Hii ndiyo tofauti ninayotaka tuishike. Shisti hushindwa kwa sababu ya karatasi zake: ni dhaifu kila mahali kwa upande mmoja, na maji huzilainisha. Naisi ina nguvu, lakini haikusahau ilivyobanwa. Nyuzi zake bado zina upande, na ikiwa na ufa mahali pabaya, maji yaliyofungwa ndani yake yaweza kuinua kipande kikubwa kizima bila kutoa onyo refu. Shisti huanza kuporomoka kidogo kidogo, vumbi leo na vibamba kesho. Naisi hukaa kimya miaka, kisha huachia pande zima kwa mara moja. Kwa hiyo mtu anayekuambia, "Usiogope, hili ni jiwe gumu," amekujibu nusu tu ya swali. Muulize pia limelala upande gani, na maji yake yanatokea wapi.

Maswali hayo yanahusu hata ukuta wa kawaida ulio nyuma ya nyumba za kambi. Ikiwa kilima kimekatwa, chukua ubao ulionyooka uulaze juu ya bamba la jiwe lililo wazi. Mwaga kikombe cha maji juu ya bamba uone yanakimbilia wapi. Yakikimbilia ndani ya mlima, ni nafuu. Yakikimbilia kwenye nyumba, kamati ya wafanyakazi ina neno la kupeleka kwa meneja, kwa maandishi na tarehe. Ikiwa mbele ya jiwe pamejengwa ukuta wa kuzuia, hesabu matundu ya kutolea maji yaliyoachwa chini yake. Ukuta usio na matundu ni Malpasset ndogo. Ikiwa matundu yapo, yachunguzwe kabla ya masika, maana nyasi na takataka huyaziba, na watoto hupenda kuyajaza mawe.

Juu ya kilima, tazama miti na nguzo za ua. Mti ulioinamia bondeni kwa shina lote si sawa na mti ulioinamishwa na upepo matawini. Ufa mrefu katika udongo juu ya mkato, hata ukiwa mwembamba kama kidole, uzibwe kwa udongo wa mfinyanzi ili mvua isiingie, na pande zake mbili zipigiliwe vigingi viwili vya miti. Pima umbali kati ya vigingi kila Jumamosi kwa kamba ile ile, na uandike. Umbali ukiongezeka, hata kwa upana wa ukucha, barua ya pili iende kwa meneja siku hiyo hiyo, pamoja na vipimo vyote.

Na maji yakianza kutoka katika mkato mahali ambapo hayakuwa yakitoka, yachote katika glasi, si katika sufuria. Yakiwa safi, yaangalie tena asubuhi. Yakiwa ya tope, chukueni watoto na mablanketi mlale upande mwingine wa kambi usiku huo, na habari za barabara mpya iliyoyachafua zizungumzwe kesho yake.